Watu wa Ghafla Hawakuwa na Sura

Juzi nilipita nyuma ya soko la Garsen nikakuta vijana wanapaka ukuta chokaa. Chokaa mbichi, ile inayokorogwa ndani ya pipa, na harufu yake ikanisimamisha pale pale na mfuko wangu wa mchicha mkononi. Nyinyi wenzangu wa rika langu mliolelewa hapa hamhitaji maelezo, pua zenu zimeshafika kabla yangu: chokaa mbichi, unga wa mahindi ambao bado una moto, na moshi wa injini ya dizeli. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya Watu wa Ghafla.

"Auntie, mbona umeganda hivyo?" akaniuliza msichana aliyeshika brashi. Ni Fatuma, binti wa fundi cherehani wa hapo mbele, mchoraji wa hina, wa mabango ya maduka ya simu, wa kila kitu. "Wewe si ni wa enzi zile? Ile katuni ya ukuta wa mashine, uliiona kwa macho yako?"

"Niliiona? Mama yangu alikuwemo ndani yake."

Akaiweka brashi chini. Akaniambia yeye na wenzake wanataka kuirudisha. Wanaikusanya kutoka vichwani mwa watu kwa sababu hakuna karatasi hata moja iliyobaki, na mama yake mwenyewe amewasimulia mpaka amekauka koo. "Itabamba, wallahi. Tunachora hapa, tunapiga picha, tunatuma. Watu wa Garsen walioko Nairobi, walioko Saudia, wote wataona."

Mama alifariki mwaka jana, baada ya mfungo. Nilikuwa sijapata mahali pa kuyaweka majonzi yangu, nilikuwa natembea nayo tu, sokoni nayo, nyumbani nayo. Pale mbele ya ule ukuta nikajikuta nataka kitu kimoja kwa moyo wangu wote: mama arudi kwenye ile hadithi, na akirudi awe mama kweli, si mwanamke yeyote tu aliyefungwa leso.

Kwa waliokulia kwingine, wacha nieleze. Katuni yenyewe haikuwa ya gazeti wala ya kitabu. Mashine ya kusaga unga ya Mzee Hassan, mfanyabiashara wa Kisomali aliyekuwa mpole kuliko mashine yake, ilikuwa na ukuta mrefu upande wa foleni. Kila wiki, siku moja kabla ya soko, fundi wa kuandika mabango aliyeitwa Fundi Komora aliufuta wote kwa chokaa na kuchora kipande kipya cha hadithi. Tulikisoma wiki nzima tukisubiri zamu zetu, kisha chokaa ikapita juu yake, kikaenda. Mwenye kamera mjini alikuwa mmoja, na alipiga harusi tu.

Hadithi ilianza pale maji ya mafuriko yalipopungua. Watu wa Garsen, watu hawa hawa wa kawaida wenye vikohozi na visirani vyao, waliamka asubuhi wakajikuta wana nguvu. Ghafla tu, bila kuomba, ndiyo maana wakaitwa hivyo. Mziba pancha wa baiskeli alijaza upepo kwa mdomo, lori likanyanyuka na mzigo wake. Kuli wa stendi alibeba basi lililokwama matopeni, abiria wote wakiwa ndani na mmoja wao akilalamika kwamba anachelewa. Mama Godana, muuza maziwa wa Kiorma ambaye kila asubuhi alipita kwetu na kibuyu chenye harufu ya moshi, alisikia ndama akilia Bangale, mbali huko kaskazini, naye yuko Garsen. Adui yao alikuwa Bwana Kiu, koti refu na kofia, aliyeshuka kutoka juu ya mto na mrija mrefu, akitaka kuunywa Mto Tana wote kwa mkupuo mmoja. Nawaambieni ukweli, mpaka leo mto ukikauka mimi humfikiria Bwana Kiu kwanza, ndipo nikafikiria mvua.

Rangi za mavazi yao zilitegemea kazi za wiki ile, maana Fundi Komora alichora kwa makaa kisha akapaka masalio ya makopo ya mabango. Wiki aliyoandika bango la bucha, mashujaa wote walivaa nyekundu. Wiki ya zahanati wakawa wa buluu. Fundi aliporudi kutoka kupaka madirisha ya msikiti, Bwana Kiu alitokea na koti la kijani, wazee wakanung'unika, na kabla ya adhuhuri koti lilikuwa limeshapakwa masizi. Sisi watoto tuliamini tu kwamba watu wenye nguvu wana nguo nyingi.

Mashine ikinguruma huwezi kumsikia hata jirani yako, basi aliyejua kusoma alisoma kwa kupiga kelele. Nyuma yake mwingine akageuza kwa Kipokomo, mwingine kwa Kiorma, mwingine kwa Kisomali, na kila mmoja akatia chumvi yake. Mpaka maneno yafike mwisho wa foleni ilikuwa hadithi nyingine kabisa. Kwa Kipokomo Bwana Kiu alikuwa mwoga anayeogopa viboko, kwa Kiorma alikuwa mwizi wa ng'ombe. Vumbi la unga liliwaangukia wote, wakawa weupe nyusi na kope, wanabishana, na mahindi yao yameshasagwa zamani. Mama Godana alisimama mbele ya picha yake, mkono kiunoni.

"Huyu mimi," akasema. "Kibuyu yangu hii. Lakini Komora, mimi hapana sikia ndama ya Bangale. Mimi nasikia ya hapa tu."

"Sasa unasikia za Bangale," Fundi Komora akamjibu kutoka juu ya ngazi.

Mama Godana alicheka na kumpungia mkono wa kumfukuza. Lakini tangu siku hiyo alitembea amenyoosha shingo, na akifika kwetu asubuhi alisimama kidogo kabla ya kumimina, amegeuza sikio kaskazini. Mziba pancha naye alianza kuvuta pumzi kubwa watoto wakipita. Yule kuli, mtu aliyekuwa akitukanwa stendi nzima, sasa aliamkiwa. Mimi nilikuwa mdogo, lakini hata mimi niliona kwamba Fundi Komora anawafanyia watu kitu ambacho hakuna mwingine mjini aliyekuwa anawafanyia, na nilimpenda kwa hilo kama nilivyopenda sikukuu.

Jambo moja tu lilinitisha. Watu wa Ghafla hawakuwa na sura. Kabla ya kupata nguvu, mtu alichorwa kwa mgongo, anakwenda zake, na ulimjua mara moja kwa mwendo, kwa fundo la leso, kwa bega lililoshuka. Akishapata nguvu alitugeukia, na mahali pa macho na pua na mdomo palikuwa chokaa tupu. Wakubwa walikuwa na maelezo yao, kwamba Mzee Hassan, mtu wa dini, aliutoa ukuta wake kwa sharti kwamba pasichorwe uso wa kiumbe. Mimi wakati ule hakuna aliyeniambia hayo. Nilimuuliza Fundi Komora mwenyewe, nikiwa nimeishikilia ngazi yake kwa kiherehere changu tu.

"Sura zao zimeenda wapi?"

Alikuwa na brashi mdomoni. Akaitoa, akasema, "Zimechukuliwa na maji," akairudisha.

Basi nikaelewa. Kwa akili yangu ya mtoto mambo yalikuwa wazi kabisa: nguvu ikiingia, sura inatoka. Maji hayatoi kitu bure. Nikaanza kuwatazama watu wenye nguvu wa mtaani kwetu kwa wasiwasi. Kuli alipoota chunusi kwenye paji la uso, nikajua kwake imeshaanza.

Kisha mto ukafurika kweli. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, sisi huku ni jua kali, na maji yakaja kimya kimya kupitia mashambani yakaingia ndani kama mgeni asiyepiga hodi. Barabara ikakatika. Baba, ambaye alikuwa dereva wa lori, akakwama Malindi. Sisi na familia nyingine nyingi tukahamia kwenye mashine ya Mzee Hassan kwa sababu ilijengwa mahali palipoinuka, tukalala juu ya magunia, na unga ukatuingia masikioni.

Mama alikuwa mwanamke wa Ndera, aliyezaliwa kando ya mto, mashamba yao yakiwa ng'ambo. Mtumbwi aliujua kabla ya kujua viatu. Alichukua mtumbwi wa mjomba na pondo lake, ule mti mrefu wa kusukumia, akaanza kwenda kuwatoa watu waliozingirwa na maji kwenye vijiji vya chini. Hakuna aliyemtuma. Alisema tu, "Narudi," akafunga fundo la leso kiunoni upande wa kulia, akasimama ndani ya mtumbwi, upande wa nyuma. Alikuwa na namna yake ya kusimama: mguu wa kushoto mbele, vidole vyake vimenyanyuka, shingo imelala kidogo upande, kama mtu anayesikiliza kama chungu kimechemka. Aliondoka, akarudi na mtumbwi umejaa watoto, kuku na masufuria, akashusha, akaondoka tena. Nilimwonea fahari mpaka kifua kikaniuma.

Fundi Komora, aliyelala pale pale kwenye magunia pamoja nasi, hakuacha kazi yake. Maji yamefika nusu ya mji na yeye anakoroga chokaa.

"Watu wanataka kitu cha kusoma," akamwambia Mzee Hassan.

"Chora basi, wallahi," Mzee Hassan akasema. "Chora kabla hawajaanza kugombana."

Mchana ule ukutani akatokea shujaa mpya: mwanamke amesimama kwenye mtumbwi, pondo mkononi, fundo la leso upande wa kulia. Ametugeukia. Hana sura.

"Eeeh! Mama Mariamu!" wakapiga kelele wote. Mariamu ni mimi. Walinibeba juu juu, wakanipeleka mpaka mbele ya picha. Mimi nikalia kwa hofu, wao wakadhani ni furaha.

Mama aliporudi nilimkimbilia mpaka maji yakanifika magotini, nikamshika uso kwa mikono miwili. Pua ilikuwapo. Macho yalikuwapo. Tope lilikuwa limemkaukia shavuni, nikalifuta kwa mate nione kama chini yake bado kuna shavu.

"Wewe una nini?" akaniuliza.

"Usiende tena, mama. Sura yako itachukuliwa na maji. Umeshachorwa."

Hakucheka. Mama hakuwa mtu wa kucheka hofu ya mtoto. Alichuchumaa tukalingana, akafumba macho.

"Haya, kagua vizuri. Yote ipo?"

"Ipo."

"Basi nikirudi utakagua tena. Kule kuna watoto kama wewe, na mama zao hawana mtumbwi."

Akaenda. Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila akirudi alichuchumaa kabla hata ya kunywa maji, nami nikapapasa nyusi, pua, masikio, na mwanya wa meno yake ya mbele, ambao ulinibidi nimwombe afungue mdomo. Waliokuwa wanashuka mtumbwini walitupita wakitushangaa. Naye alikuwa amechoka, najua sasa jinsi alivyokuwa amechoka, lakini hakuwahi kuniharakisha.

Halafu siku moja hakurudi. Maghribi ikaingia, watu wakaswali, mama hayupo. Mama Godana naye alikuwa amekwama mjini, mbali na ng'ombe wake, hajui kama wako hai. Alinikalisha mapajani akaninywesha maziwa, akageuza sikio upande wa maji.

"Mimi nasikia," akaniambia. "Mama yako iko. Nasikia mti yake inagonga mtumbwi. Polepole, lakini iko."

Sijui kama alisikia chochote. Nililala nikiamini.

Kesho yake jua lilikuwa limeshapanda mtumbwi ulipoonekana. Watu wakakimbilia majini, nami mbele yao. Mwanamke akashuka, akanigeukia, na hakuwa na sura. Macho yalikuwa yamefunikwa, pua imezama, midomo imejaa mpaka haina umbo. Alikuwa amekwenda kuwatoa watu waliopanda juu ya mkuyu, na nyuki waliokimbia maji nao walikuwa wamejibanza kwenye mkuyu huo huo. Alisimama chini ya tawi anapokea watu mmoja mmoja, nyuki wanamshukia, na hakuweza kujikinga kwa sababu angeachia pondo mtumbwi ungekwenda na maji. Hayo niliambiwa baadaye. Wakati ule niliona jambo moja tu, kwamba limeshatokea.

"Huyo siye mama!" nikapiga yowe, nikakimbia nikajibanza kati ya magunia.

Hakunifuata. Midomo ilikuwa mizito, hata kuniita hakuweza. Baada ya muda nikachungulia. Alikuwa amenipa mgongo, amerudi mtumbwini kumshusha bibi mmoja aliyebaki, na mtumbwi ulipoyumba akasimama kuutuliza. Mguu wa kushoto mbele. Vidole vimenyanyuka. Shingo imelala upande. Nikatoka mbio nikamkumbatia kutoka nyuma, uso wangu nimeuzamisha kwenye leso yake iliyonuka tope na asali, na sikumwachia hata walipomwambia akae chini wamtoe miiba ya nyuki. Siku zote za uvimbe ule nilimfuata kwa nyuma, kwa sababu kwa nyuma hakuwa amepungukiwa na chochote.

Uvimbe ulishuka. Sura ilirudi kidogo kidogo, jicho moja kwanza, kisha pua. Nikaenda kumwambia Fundi Komora kwamba mama amerudishiwa sura yake.

"Basi yeye ndiye wa kwanza," akasema.

Katuni iliendelea mpaka Mzee Hassan alipouza mashine, ukuta ukabomolewa pakajengwa maduka. Bwana Kiu hakuwahi kushindwa. Hadithi ilikatika ameinama ukingoni, mrija umeshagusa maji, na Watu wa Ghafla wamesimama mstari mmoja kati yake na mto. Mama nilimuuliza ukubwani kama alifurahi kuchorwa. Akasema, "Alinichora mguu mkubwa." Hayo ndiyo maneno yote niliyopata kwake juu ya jambo lile.

Yote haya nilimweleza Fatuma pale mbele ya ukuta, mchicha wangu unanyauka. Akaniomba picha ya mama. Tuna moja tu, ya kitambulisho, nyingine zote zilikwenda na mafuriko ya baadaye. Siku ya pili akanionyesha kwenye simu alichokichora, na kusema kweli msichana ana mkono. Pua ya mama, kidevu cha mama, hata ule mwanya ameuweka kwa kunisikiliza. Lakini alikuwa ni mtu aliyeambiwa asicheke, anayengoja jina lake liitwe.

"Umeweza sana," nikamwambia. "Lakini siye."

"Ni yeye, auntie. Nimefuata picha."

"Najua. Lakini siye, mwanangu."

Ndipo tukaenda kwa Fundi Komora. Anaishi kwa binti yake, ng'ambo ya barabara kuu. Magoti yamemwisha, na jicho moja lina mtoto wa jicho. Nilikuwa na ombi langu tayari: yeye aliyemtazama mama kuliko mtu yeyote, amwelekeze Fatuma ile sura jinsi anavyoikumbuka. Mzee Hassan ameshatangulia mbele ya haki, nikasema, nadhani lile sharti lake sasa si tatizo.

"Sharti gani?" akauliza.

"La kutochora nyuso."

Alicheka mpaka binti yake akaja mbio na kikombe cha maji. "Hassan hakunikataza kitu, Mungu amrehemu. Hassan alikuwa akinipa chai tu. Mwanangu, mimi sijui kuchora sura. Sijui kabisa. Nikichora jicho linakuwa yai. Nilijaribu mara ya kwanza kule nyumbani, watoto wangu wakalia. Basi nikaacha wazi. Watu wakasema ni dini, nikaona wamenistahi, nikanyamaza."

Fatuma alijishika kichwa. "Buda! Yaani ile staili yote ni kwamba ulikuwa hujui?"

"Ndiyo. Herufi najua. Mwendo wa mtu najua, nilikuwa nakaa juu ya ngazi mchana kutwa nawatazama wanavyokwenda. Sura, hapana."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili. Miaka yote hii nilimheshimu kwa uchaji ambao hakuwa nao, na sasa nilimheshimu zaidi. Nimeona picha nyingi zilizochorwa na wanaojua sura, zimening'inizwa maofisini na mahotelini, na sijaona hata moja iliyomfanya muuza maziwa anyooshe shingo. Huyu alichukua upungufu wake akaufanya nafasi, na mji mzima ukaingia.

Jana jioni tukamleta ukutani kwa bodaboda, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki. Vijana walikuwa wameshawapanga wote kwa makaa, mziba pancha, kuli, Mama Godana na kibuyu chake, na walikubaliana waanzie pale Bwana Kiu alipoachwa. Nafasi ya mtumbwi peke yake ilikuwa tupu. Fatuma alichora, mzee akatikisa kichwa, akafuta. Akachora tena.

"Bega lishuke," mzee akasema. "Hapana, umelishusha mno, huyo ameshindwa. Mama Mariamu hakuwa ameshindwa."

Akainuka mwenyewe, Fatuma akimshika kiwiko. Akashika kaa, mstari ukaenda kombo mpaka kwenye koti la Bwana Kiu. Akaliweka kaa chini. Nikaona uso wake unavyoanguka, na moyo wangu ukazama, kwa sababu kama yeye ameshindwa, basi mama alikuwa ameondoka kweli na hakuna mwingine wa kumrudisha.

Alirudi kwenye kiti chake. Kisha akasema, "Nahitaji mtu wa kusimama. Mariamu mwanangu, hebu shika ule ufito uufanye pondo. Tupe mgongo, utazame soko."

Niliona haya, mama mzima na watoto wangu, nasimama nyuma ya soko na ufito mkononi. Wauza nyanya, wanaoniita kwa jina la mwanangu, hawakuniacha.

"Mama Yusufu, unavua nini leo?"

"Navua nyinyi," nikawajibu. Sikujaribu kumwiga mama. Sikufikiria hata miguu yangu iko wapi, nilisimama tu ninavyosimama kila siku nikingoja chai ichemke. Nyuma yangu nikasikia kaa la Fatuma likikwaruza ukuta haraka haraka, kisha likanyamaza.

"Mzee," akasema Fatuma polepole, "mbona unalia?"

Nikataka kugeuka nione kuna nini.

"Usigeuke," akasema Fundi Komora, na haikuwa sauti ya kumwambia mtoto. "Tafadhali usigeuke, Mama Mariamu."

Sikugeuka. Nilisimama hivyo hivyo mpaka Fatuma alipomaliza, machozi yakinidondoka mbele ya wauza nyanya, na nyuma yangu watu wakimtazama mama.